Kata ya Stesheni, Treni Haipo: Habari za Reli Iliyofika Nachingwea

Katika kijitabu cha mwaka huu tumeona tuandike habari za kitu ambacho vijana wetu wengi wanakisikia kwa jina tu. Wilaya yetu ya Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni. Ukishuka hadi pwani, Manispaa ya Mtwara Mikindani nayo ina kata inayoitwa Reli. Kati ya Reli na Stesheni kuna zaidi ya kilomita 200, na katika kilomita zote hizo leo hakuna hata chuma kimoja kinachopitisha treni. Majina yamebaki yakitazamana, moja kila mwisho wa njia ambayo haipo.

Mtoto akiuliza kwa nini mahali panaitwa Stesheni na hajaona stesheni, wengi wetu humjibu kwa mkato kwamba zamani treni ilikuwepo, Waingereza walileta kwa ajili ya karanga. Jibu hilo ni la kweli, ila limeacha nje sehemu inayotuhusu zaidi sisi wa upande huu wa wilaya.

Wajerumani walipotawala waliwahi kujadili reli ya kusini kutoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa. Mazungumzo yakawa marefu, reli haikujengwa. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliiacha nchi ya Wangindo, Wamwera na majirani zao katika njaa na ukiwa, kisha Vita Kuu ya kwanza ikapita hapa hapa, na wazee wetu wakabebeshwa mizigo ya majeshi vichwani. Baada ya hapo Waingereza walipochukua nchi, reli zilizofanya kazi zilikuwa ya Tanga na ya Kati, na Jimbo la Kusini likaendelea kuwa jimbo la miguu, la majahazi ya pwani na la malori machache wakati wa kiangazi.

Mambo yalibadilika ghafla baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na watu wake walikuwa wanapewa chakula kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipeleka serikalini London wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Wakazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege, wakarudi na hesabu. Yangefunguliwa mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000. Mashamba 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika. Na katika hayo 80, mashamba 55 yalipangwa Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu. Kongwa ilipangiwa 15 na Urambo 10.

Tunaomba msomaji asiipite namba hiyo haraka. Mashamba 55 ya ekari 30,000 ni ekari 1,650,000. Zaidi ya nusu ya mpango wote wa karanga uliojadiliwa katika Bunge la Uingereza ulikuwa umewekwa juu ya ardhi ya kusini. Nachingwea haikuwa tawi la Kongwa, kama wengine wanavyodhani kwa sababu jina la Kongwa ndilo linalotajwa mashuleni. Kwa hesabu za wapangaji, Nachingwea ndiyo ilikuwa shamba lenyewe.

Sababu ya Kongwa kutangulia ilikuwa moja: Reli ya Kati ilikuwa inapita karibu nayo. Mashine zingeshushwa Dar es Salaam, zikapakiwa kwenye treni na kufika. Huku kwetu hapakuwa na reli, wala bandari ya kina kirefu cha kupokea meli kubwa. Kwa hiyo mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, mahali penye mvua haba na udongo unaokauka ukawa mgumu kama sakafu, na kusini, ambako mvua ni nzuri zaidi, kukaambiwa kusubiri mpaka njia ijengwe. Kwa maoni yetu, kama kuna kosa moja katika habari hii yote ambalo linafaa kufundishwa darasani, basi ni hilo la kulima mahali pabaya kwa kuwa ndipo palipo na njia.

Njia ya kusini ikaanza kujengwa. Kwa kuwa Mtwara ilikuwa bado haina gati, walianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Lindi, pale Mto Lukuledi unapokutana na maji ya chumvi. Hapo palijengwa gati la muda, na kutoka hapo reli ya upana wa mita moja, sawa na ile ya Kati, ikapanda na bonde la Lukuledi kuelekea magharibi. Mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Tangu mwaka 1948 reli zote za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zimeunganishwa chini ya shirika moja la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na hii ya kwetu ikawa mtoto wa mwisho wa familia hiyo, aliyetengana na ndugu zake. Haikuunganika na reli nyingine yoyote nchini. Behewa lililoshushwa Mkwaya lilizeeka kusini.

Nachingwea ukawa mji. Pakawa na uwanja wa ndege, hospitali, karakana, nyumba za wafanyakazi, na barabara zilizonyooka kama zimepigwa kwa kamba. Wanaume walikuja kutoka kila upande, Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wangindo, kung'oa visiki, kutandika mataruma, kuendesha matingatinga. Kwa wengi wao huo ndio ulikuwa mshahara wa kwanza maishani usiokuwa wa mashamba ya mkonge ya Lindi.

Hapa inatupasa tuseme jambo ambalo halisemwi sana. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940, wakati upande wa Nachingwea mjini unajazwa mashine, upande wa magharibi ulikuwa unaondolewa watu. Serikali ya kikoloni ilihamisha vijiji vingi katika nchi ya Liwale kwa sababu ya malale na kwa sababu ya tembo, na pori la akiba la Selous likapanuliwa juu ya mahame ya watu. Familia zikasogezwa na kukusanywa katika makazi mapya. Sisi wa Kilimarondo tunakaa kwenye ukingo wa mambo hayo mawili. Mashariki yetu palikuwa na reli inayokuja, magharibi yetu palikuwa na pori linalotanuka. Kwenye ramani za mpango wa karanga Nachingwea ilikuwa katikati ya kila kitu, na Kilimarondo ilikuwa mbali na kila kitu, ilhali ni wilaya moja.

Sasa tuseme kuhusu stesheni yenyewe na huduma zake, maana ndilo jambo lililotufanya tuandike.

Ukimwambia kijana leo neno stesheni, anafikiria treni. Kwa mkulima wa wakati ule treni ilikuwa nusu tu ya habari. Stesheni za shirika lile, kubwa na ndogo, zilikuwa na mambo ambayo kijijini hayakuwepo. Kulikuwa na saa na ratiba. Kulikuwa na nauli iliyoandikwa, ya daraja la kwanza, la pili na la tatu, na ingawa sote tunajua nani alikaa daraja gani katika enzi za ukoloni, mtu wa daraja la tatu naye alijua senti zake kabla hajafika dirishani, na akalipa akapewa tiketi ya karatasi ngumu yenye namba. Kulikuwa na mzani wa mizigo. Kulikuwa na bohari ya kuhifadhi mzigo usiloe mvua ukisubiri behewa. Ukituma kifurushi, kiliandikwa kwenye daftari, ukapewa stakabadhi, na kule kilikokwenda kulikuwa na karani wa kukipokea na kumtafuta mwenyewe. Kulikuwa na simu, kwa hiyo habari ya msiba iliweza kufika kabla ya matanga kuisha. Kulikuwa na maji, kwa sababu injini za mvuke hazitembei bila maji, na penye maji ya injini watu nao hupata ya kunywa. Na juu ya hayo yote alikuwepo stesheni masta, mtu mmoja mwenye kofia ambaye kila lawama ilimwangukia. Unaweza kumchukia, lakini ulijua pa kumkuta.

Mabehewa ya abiria na ya mizigo yalivutwa pamoja na injini moja, hivyo safari ilikuwa ya pole pole, kushusha huku na kupakia kule. Kutoka pwani zilipanda nguo, chumvi, majembe, saruji, mafuta ya taa. Kwenda pwani zilishuka mbao, karanga, ufuta, na baadaye korosho. Mtu wa Kilimarondo kabla ya kuiona treni alikuwa na safari yake nyingine ya siku kadhaa kwa miguu, kupitia mapori yenye simba na tembo, mpaka Nachingwea. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba stesheni ilikuwa mlangoni petu. Lakini ilikuwepo, na safari ya miguu ilikuwa na mwisho unaojulikana.

Turudi kwenye karanga. Mpango ulikuwa unakufa kabla reli haijatulia kwenye tuta lake. Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililokabidhiwa kazi mwaka 1948, lilirithi matrekta mabovu, vipuri visivyopatikana, visiki visivyong'oka na hesabu zisizofungika. Kongwa mvua ilikataa. Kusini, ambako mvua ilikubali, ardhi iliyosafishwa ilikuwa sehemu ndogo sana ya zile ekari za kwenye karatasi. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umefungwa na fedha zake, kama pauni milioni 36, zimefutwa kwenye vitabu. Kilichobaki Nachingwea kikaitwa majaribio. Baadaye, mwaka 1955, kikaingia mikononi mwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, lililoweka wakulima wa Kiafrika kama wapangaji kwenye sehemu ya mashamba hayo.

Sasa tazama tarehe. Mpango umefungwa 1951. Gati la kina kirefu la Mtwara, lililokuwa linajengwa kwa ajili ya karanga hizo, likafunguliwa 1954. Mwaka huo huo 1954 reli ya kutoka Mtwara ikaungana na ile ya zamani pale Ruo, hivyo treni ikaweza kutoka bandari mpya hadi Nachingwea moja kwa moja. Mwaka 1958 tawi likafika Masasi. Reli na bandari vilikamilika baada ya mzigo wake kufa. Ni kama mtu anayejenga nyumba ya harusi, bibi harusi akakataa, naye akaendelea kuezeka kwa kuwa mabati yalishalipiwa.

Wengine watacheka, na sisi wenyewe tulicheka tulipokuwa tunapanga tarehe hizi mezani. Ila tufikirie vizuri. Kufikia 1958 Jimbo la Kusini lilikuwa na kitu ambacho halikuwahi kuwa nacho na halijawa nacho tena: bandari ya kina kirefu, reli hadi Nachingwea na Masasi, na wakulima wanaopanda mikorosho kila mwaka. Vitu vitatu mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Karanga za Waingereza zilikufa, lakini njia ilikuwa imeshalala chini na imeshalipiwa.

Miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa changa katika Uhuru wake, reli ya kusini ikafungwa. Halafu ikang'olewa.

Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo. Mizigo ilikuwa midogo, na reli ilikuwa inaendeshwa kwa hasara mwaka baada ya mwaka. Reli iliyokatika na nyingine ni ghali, kwa sababu karakana, vipuri na injini za akiba lazima viwe vyake peke yake. Malori nayo yalikuwa yamezidi, na lori linaingia kijijini, linapakia kwenye uwanja wa chama cha ushirika, halingoji mkulima alete mzigo stesheni. Tena tuwe wakweli, korosho nyingi za wakati huo zilitoka Newala na uwanda wa Makonde, ambako reli haikupanda. Gari la Newala lilishuka Mtwara bila kuuliza habari za Ruo. Tungekuwa sisi mezani mwaka ule, tukiwa na nchi changa yenye shule chache na madaktari wa kuhesabu kwa vidole, na mbele yetu tuna daftari la hasara, labda nasi tungetia sahihi ya kuifunga.

Lakini kuing'oa ni jambo jingine. Reli iliyofungwa inaweza kufunguliwa. Iliyong'olewa, basi. Na miaka iliyofuata iliijibu hesabu ile kwa namna ya kuumiza. Uzalishaji wa korosho nchini, ambao sehemu kubwa ni wa kusini, ulipanda mwaka hadi mwaka, na msimu wa 1973/74 ukafika tani 145,000 hivi. Hiyo ni kama miaka kumi tu baada ya vyuma kuondoka. Mzigo ambao reli iliusubiri na kuukosa ulikuja ukaikuta haipo.

Katika muda huo huo Nachingwea ilipokea wageni wengine. FRELIMO ilipoweka kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi hapa katikati ya miaka ya 1960, wapiganaji waliokuwa wakiongozwa na Samora Machel walifika kwa barabara. Silaha na chakula vilipanda kwa malori kwenye mchanga na matope, mpaka Msumbiji ilipojitawala 1975. Mji ambao stesheni yake ilikuwa imenyamaza ukawa mmoja wa miji iliyotajwa sana katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Habari za kambi hiyo zinastahili kurasa zake, na tunaziweka akiba.

Korosho ilianguka baadaye. Bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia mikorosho, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawatenga watu na mikorosho yao, maana mti ukiwa umbali wa saa tatu kwa miguu hauwezi kupaliliwa vizuri. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Kisha polepole yakapanda tena, kwa dawa ya salfa, kwa mikorosho mipya iliyofanyiwa utafiti Naliendele, na tangu 2007 kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Kila kilo ya mzigo wa wilaya yetu uliokwenda Mtwara msimu huo ilikwenda kwa lori. Wengi mnakumbuka pia Novemba 2018, serikali iliponunua korosho yenyewe kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, na kazi ya kusomba mzigo wakapewa wanajeshi na malori yao.

Tumetaja stakabadhi. Mkulima wa leo akipeleka ufuta au korosho kwenye ghala la chama chake cha msingi, anapimiwa kwenye mzani na kupewa karatasi. Ni huduma ile ile ya bohari ya stesheni. Lakini kwa wale wanaokaa mbali na ghala, na Kilimarondo ina vitongoji vingi vya namna hiyo, mvua za masika zinapokata barabara mzigo unauzwa nyumbani kwa bei ya aliyefika, na kipimo ni kangomba. Mlanguzi hana saa, hana nauli iliyoandikwa, hana daftari. Akishaondoka hujui pa kumkuta. Mama mjamzito anayesubiri gari la kwenda hospitali ya wilaya anasubiri chini ya mwembe, na gari linakuja likijaa, siyo likifika saa fulani.

Ndiyo maana katika mpango wa mwaka huu, mtakaousoma kurasa za mbele, kamati imeweka banda la abiria na mizigo. Baadhi ya wanachama kwenye kikao waliuliza kama hiyo ni kazi ya chama au ya halmashauri, na swali lao ni zuri. Jibu la kamati lilikuwa kwamba banda lenyewe ni dogo: paa la bati, mabaraza ya kukalia, choo, tangi la kuvunia maji ya mvua, chumba kimoja chenye kufuli na mzani uliokaguliwa na wakala wa vipimo, na ubao ambao nauli za magari yote zimeandikwa kwa rangi. Atakuwepo mtu mmoja wa kulitunza, anayelipwa posho na anayejulikana kwa jina. Halina injini wala reli. Sehemu kubwa ya kile kilichoifanya stesheni iwe stesheni, hata hivyo, kimo ndani yake.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la mbele kuliko la nyuma. Kwa miaka mingi serikali imekuwa na mpango wa reli mpya ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kama kilomita 1,000 pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, watu wa kusini wanauliza zamu yao lini. Ruangwa kuna madini ya kinywe, Nachingwea kuna nikeli ya Ntaka. Yakichimbwa kwa wingi, lazima yapelekwe bandarini, na bandari ni Mtwara. Safari hii sababu ya kujenga njia siyo ya kubuni kutoka kwenye ndege.

Lakini tumeshawahi kuwa na reli ya mteja mmoja. Ile ya kwanza ilipimwa kwa karanga peke yake. Karanga zilipokufa, ufuta wa bibi zetu, mbao, korosho na abiria wa daraja la tatu havikuwa na uzito wa kutosha kwenye daftari la kuizuia isifungwe, kwa sababu hakuna aliyewahesabu tangu mwanzo. Siku maafisa watakapokuja na ramani, na watakuja, watauliza tani ngapi za kinywe. Wawakilishi wetu wawe tayari na namba nyingine: tani ngapi za korosho, ufuta na mbaazi zinatoka Kilimarondo kila msimu, abiria wangapi wanapanda magari kwa wiki, wagonjwa wangapi wanapelekwa mjini kwa mwezi. Namba hizo hazipo kwenye karatasi yoyote tuliyoiona. Banda likisimama, daftari la mzani na la abiria litaanza kuzikusanya kuanzia siku ya kwanza. Hii ni sababu ya pili ya kulijenga, na kwa baadhi yetu kwenye kamati ni sababu kubwa kuliko paa.

Tukiwa bado kwenye karanga, wengi hawajui kwamba hazikushindwa huku. Mwaka 2009 watafiti wa Naliendele walitoa aina tano za mbegu bora za karanga kwa wakulima, na moja wakaipa jina la Nachingwea. Inalimwa kwa jembe la mkono, nusu ekari hapa na ekari moja pale, na inaota vizuri tu.

Tunawaomba wenye wazazi au babu waliofanya kazi kwenye reli, kama wahudumu, wapiga mataruma, wapakiaji au abiria tu, wakae nao mapema na kuandika wanayosema, kwa Kiswahili au kwa Kimwera au kwa Kingindo, vyovyote watakavyosimulia. Walioiona treni Nachingwea wakiwa watoto wa miaka kumi sasa wamepita sabini. Mwenye tiketi ya zamani, picha, kitambulisho cha kazi au hata msumari wa taruma, asiutupe. Katibu atapokea, ataandika jina la mwenye kitu na kutoa stakabadhi, na mkutano mkuu utapangiwa meza ya kuvionyesha kabla ya chakula cha mchana.